Ukikwama, Unawaitaje?

3 Machi

Wifi yangu Bi Masikio,

Kaa kwanza, usisome hii umesimama. Umekaa? Haya. Nimenunua gari.

Gari jipya, wifi, la dukani, bado lina harufu ya plastiki na viti vimefunikwa nailoni. Pikapu ya kijani. Ubao wa nyuma unatosha makochi mawili ya watu watatu na bado nafasi ya roli la sponji inabaki. Kaka yako ameizunguka akipiga matairi mateke kama anayejua anachotafuta. Kinyozi na matairi wapi na wapi?

Ungemwona muuzaji. Alipotambua kuwa sisikii, akanigeuzia mgongo akaanza kumweleza kaka yako habari za injini. Nikamgonga begani. Nikamwambia, "Bwana mdogo, yaliyokufa ni masikio. Mkoba uko hai, na ni wangu." Kaka yako anasema duka zima liligeuka, maana sauti yangu ilipanda. Mimi nitajuaje? Tangu ile homa ya darasa la tatu naongea kwa kukisia.

Sasa nisikilize wewe, maana kusikiliza ndiyo kazi yako. Ukumbi wa maigizo wa ule mji ulio ng'ambo ya mlima unataka viti vyake vyote vivikwe upya. Sponji mpya, mikanda mipya, kitambaa chekundu. Ni kazi ya mwaka mzima! Kila wiki niende nikachukue viti, nivilete karakana, nikarudishe vilivyokamilika. Kazi ya aina hii haijawahi kunigonga mlangoni, na sijui kama itagonga tena.

Kaka yako anasema atafunga duka lake la kinyozi kila safari anisindikize. Nikamuuliza, na ukifunga kinyozi tutakula nini, nywele? Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza taratibu, ili nimsome midomo: "Ukikwama kule mlimani, utamwitaje mtu?"

Nikakosa jibu. Mimi, kukosa jibu! Weka alama ukutani.

Mkurugenzi wa ukumbi anataka neno langu kabla mwezi haujaisha. Bila njia ya kuita msaada, kaka yako hatatulia, nami sitaki kuishi na mtu asiyetulia, na sitaki kusindikizwa kama mtoto wa chekechea. Kwa hiyo kazi itakwenda kwa fundi mwingine. Ndiyo nakuuliza wewe unayeshinda unapokea simu za waliokwama: huduma gani ya msaada barabarani nichukue?

Najua ningekutumia ujumbe wa simu. Lakini wewe ukitoka kazini hutaki hata kuiona simu, na mimi mambo marefu siyawezi kwa kidole gumba.

Wifi yako,
Bi Sponji

9 Machi

Bi Sponji, mke wa kaka yangu, mama wa vitambaa,

Nimesoma barua yako chumba cha chai nikapiga kelele mpaka mwenzangu akamwaga kikombe. Gari jipya! Na kwa jasho la mikono yako! Mimi hapa nina diploma ukutani na bado napanda gari la kampuni la wafanyakazi. Wacha nikwambie ukweli: nimejivuna siku nzima. Kila aliyepiga simu nilitaka kumwambia, "Pole kwa pancha, na unajua wifi yangu kanunua pikapu?"

Sasa tuje kwenye kazi. Usidanganyike na vipeperushi. Vyote vina picha ya mtu anatabasamu kando ya gari lililokufa. Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kumpokea hata mmoja aliyekuwa anatabasamu. Wewe waulize maneno haya. Mnafika wapi? Maana wengine wakisema "popote" wana maana popote palipo na lami na karibu na ofisi yao. Mkilivuta gari, mnalipeleka kwa fundi ninayemtaka mimi au mnalitupa kwenye gereji iliyo karibu? Mnakuja mara ngapi kwa mwaka kabla hamjaanza kuninunia? Na kabla ya yote angalia makaratasi ya duka, maana magari mapya mara nyingi huja na huduma ya mwaka wa kwanza bure. Usije ukanunua kitu ambacho tayari unacho.

Halafu kuna swali ambalo watu hawaulizi kabisa, na kwako ndilo la kwanza: nikikwama, nawaitaje?

Wengi watakwambia "piga namba hii." Wewe waambie husikii, uone watakavyojikuna.

Kuhusu kaka yangu, msamehe. Huyo hata mimi nikiwa darasa la saba alikuwa ananifuata nyuma nikienda dukani, anajificha kwenye kona akidhani simwoni. Hana ubaya. Mwoga tu, tena uoga wenyewe ni wa mapenzi.

Zunguka, uliza, kisha niandikie.

Wifi yako anayekuvulia kofia,
Bi Masikio

15 Machi

Bi Masikio,

Nimezunguka. Miguu inawaka.

Ya duka la magari ni bure mwaka mzima, ulisema kweli. Unajua unawaitaje? Kuna kitufe chekundu kwenye dari ya gari. Ukikwama unakibonyeza, sauti ya mwanamke inatoka kwenye spika inakuuliza shida yako. Muuzaji akabonyeza kunionyesha. Naona kaka yako anaangalia juu, anaitikia kwa kichwa, anasema "asante, asante sana, hapana, tunajaribu tu." Mimi nimekaa natazama dari. Nikamuuliza muuzaji, "Na mimi nitajuaje kama amejibu?" Akafikiri. Akasema, "Utahisi." Utahisi! Nilitaka kumpiga kwa kipeperushi chake.

Ya pili ni ile kampuni yenye picha ya nyundo. Hao wanapokea ujumbe wa kuandika, wepesi, wachangamfu, msichana wa mapokezi aliandika nami kwenye karatasi nusu saa bila kuchoka. Nikampenda. Lakini hawavuki mzunguko wa mwisho wa mji. Mlimani hawaendi hata ukiwabeba.

Ya tatu ni yenu. Mpango wenu mdogo ni wa mjini. Mkubwa una mpaka chumba cha kulala na gari la kuazima, na mimi si waziri. Wa kati ndio wangu: unavuka mlima, mnabusti betri iliyokufa, mnabadilisha tairi, mnavuta mpaka kwa fundi ninayemtaja. Nimewasoma mpaka yale maandishi ya chini yaliyoandikwa kwa ajili ya sisimizi. Kila kitu kinanifaa. Lakini kwenye "jinsi ya kutuita" kuna namba ya simu peke yake.

Sasa wewe uko ndani. Niambie tu, nikituma ujumbe kwenye namba ile, kuna anayesoma? Ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo nasaini kesho, na ukumbi nawapa neno langu.

Kaka yako ameanza kuangalia siku za kufunga kinyozi. Nifanyie haraka.

Bi Sponji

19 Machi

Wifi,

Usisaini kwetu. Subiri kwanza. Na ukumbi usiwajibu.

Siwezi kueleza sasa. Niamini tu, tafadhali.

Bi Masikio

23 Machi

Wifi,

Nilikuuliza ndiyo au hapana, ukaniletea "subiri."

Unajua nimelisikia mara ngapi neno hilo? Naam, nimelisikia, kwa macho. Subiri mwenye masikio aje akusemee. Subiri mumeo apigiwe. Daktari anamwambia kaka yako habari za tumbo langu, na mimi nasubiri. Nilidhani wewe ni mtu mmoja duniani asiyelitumia kwangu. Kumbe damu ni nzito kuliko maji. Wewe ni dada wa kaka yako kweli, mnafanana mpaka uoga. Kama alikuandikia kwa siri unizuie, mwambie amefanya kazi bure.

Nimesaini. Mpango wa kati, kampuni yako hiyohiyo, mbele ya kijana mwenye tai aliyeniuliza kama nina mtu wa kunisaidia kujaza. Ukumbi nimewapa neno langu. Alhamisi naenda kuchukua shehena ya kwanza, mimi na pikapu yangu. Kaka yako nimemwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Alichukua mkasi akaenda kazini, na jioni hakula.

Utaniuliza nikikwama nitaitaje. Nina mdomo. Nitaona.

Mke wa kaka yako

30 Machi

Wifi,

Bado nimekukasirikia. Lakini kuna jambo limetokea na sina mwingine wa kumweleza atakayecheka mahali panapostahili.

Alhamisi nimetoka alfajiri. Mlima wote ukungu, nikawasha taa, nikapanda polepole, mikono kwenye usukani. Watu wanadhani gari linaendeshwa kwa masikio. Injini mimi naisikia makalioni, wifi, na kwenye nyayo. Ikibadilisha pumzi najua kabla ya hao wanaoongea na redio. Nimefika ukumbini, wakanipakilia viti vya safu ya mbele. Viti vya zamani, miguu ya chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, mbao zake hata leo hazijalegea. Aliyevitengeneza sijui ni nani, ila nilimshika mkono kwa mbali.

Kurudi, ukungu tena kileleni, taa tena. Nikashuka upande wa pili, jua likatoka, pazuri ajabu. Nikasimama kandokando nikala. Nikazima injini, nikaacha feni inapuliza, nikajiegemeza kidogo tu. Nilikuwa sijalala usiku kwa mawazo. Nilipofungua macho kivuli kilikuwa kimehamia upande mwingine wa barabara, feni imenyamaza, na nikigeuza ufunguo, kimya. Kimya cha kwenye mikono. Halitetemeki.

Taa, wifi. Niliziacha zinawaka. Gari jipya lina akili nyingi, ukiacha taa linakuonya. Linaonya kwa mlio! Litakuwa lilinililia pale mpaka likaishiwa nguvu, nami nimelala kama gogo.

Hakuna nyumba, hakuna mtu. Malori mawili yalipita, nikapunga mkono, na madereva wakanipungia. Wapole sana.

Basi nikapiga moyo konde. Nikapiga ile namba yenu. Nikatazama kioo cha simu mpaka zile sekunde zikaanza kuhesabu, maana yake mtu kapokea. Nikaanza: "Habari. Mimi ni kiziwi, sikusikii, usijichoshe kuniuliza. Nitasema kila kitu mara mbili, halafu nitakata." Nikasema namba yangu ya uanachama. Nikasema niko upande wa mashariki wa mlima, chini ya kona ya tatu kutoka mnara wa simu, mkono wa kushoto ukishuka. Pikapu ya kijani, imebeba viti vyekundu, huwezi kuikosa. Tatizo ni betri, nimeacha taa, kosa ni langu. Tairi ziko sawa, mafuta yapo, mimi mzima, niko peke yangu, nimeegesha nje ya barabara. Nahitaji nyaya za kubusti, si gari la kuvuta. "Ukinielewa, niandikie neno moja kwenye namba hii." Nikarudia yote. Nikakata.

Nikakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa saa mbaya, siwezi kukudanganya. Kuongea kwenye kitu kisichokujibu ni kama kutupa jiwe kwenye shimo usiloliona. Labda aliniweka mezani na zile sekunde zilikuwa zinahesabu bure. Labda ananicheka. Nikawaza uso wa kaka yako. Nikaona alikuwa na haki, na hilo ndilo liliniuma kuliko betri.

Halafu simu ikatetemeka mkononi. Namba nisiyoijua. "TUMEKUSIKIA. Fundi yuko njiani. Usihangaike."

Nililia, bwana. Sitaki maswali.

Nikatoa sindano nikaanza kufumua kiti kimojawapo pale pale barabarani. Fundi wenu akanikuta nimekaa kwenye safu ya mbele ya ukumbi, kwenye majani, na uzi mdomoni. Akafungua kinywa, nikamwonyesha sikio. Hakupiga kelele kama wengine, wala hakutafuta mtu mwingine wa kuongea naye. Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti: BETRI? Nikaandika chini yake: NDIYO. Akaandika: POLE. Akaunganisha nyaya, nikahisi injini inaamka mgongoni. Fundi yule ana adabu, mwambieni nimesema.

Nimefika nyumbani na jua bado lipo. Kaka yako nimemweleza yote, sikuficha kitu. Kasikiliza mpaka mwisho, akatoka nje. Sijui anawaza nini.

Nawe sijui unawaza nini.

Bi Sponji

3 Aprili

Wifi yangu, mpenzi wangu, redio ya taifa,

Sasa ni zamu yako kukaa.

Kaka yangu hajaniandikia hata mstari. Nilikwambia subiri kwa sababu jibu la swali lako lilikuwa hapana, na nilikuwa napigana liwe ndiyo. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: anayepiga lazima ajibu maswali. Uko salama? Uko peke yako? Asipojibu, tunahesabu ni watoto wanachezea simu, tunakata. Na ujumbe wa kuandika ulikuwa hausomwi na mtu yeyote. Nilipopata barua yako nilikwenda kwa meneja nikamwambia hili si sawa. Akasema ni wateja wangapi hao? Nikarudi tena. Mara ya tatu akaniambia kuwa nafasi ya usimamizi wa zamu iko wazi, na wasumbufu hawasimamii zamu. Sikukueleza kwa sababu sikutaka kukupa tumaini halafu nikunyang'anye. Nilikosea kwa hilo. Wewe si wa kufichwa mambo, ungeniambia hata maneno ya kumjibu.

Basi Alhamisi tumekaa, mwenzangu wa meza ya pembeni akainua mkono. "Jamani, nina mtu hapa anaongea peke yake kama redio. Eti ni kiziwi, namuuliza hajibu. Nikate?" Kidole kiko kwenye kitufe. Nikamuuliza, anasema nini? Akasema, "Kitu cha pikapu ya kijani na viti vyekundu."

Wifi, niliruka meza. Nimevaa sketi ya kubana na niliruka meza. Nikamnyang'anya hedifoni. Nikakukuta unaanza mara ya pili, ile sauti yako inayopanda mahali inapotaka, umetulia, unapanga maneno kama unapanga misumari. Nikawa naandika huku machozi yananidondokea kwenye kibodi. Simu ya ujumbe hatuna, nikachukua ya mwenzangu nikakuandikia, kwa sababu yangu ungeitambua ukajua ni mimi, na ulikuwa umenikasirikia. Nilitaka ujue kampuni imekusikia, si wifi yako amekuhurumia.

Subiri, sijamaliza. Samahani kwa neno hilo.

Meneja aliona zogo akaja. Akasema mteja asiyejibu maswali hatumtumii fundi. Nikamwambia, "Swali gani ambalo hajajibu? Sikiliza." Tukamwekea rekodi. Uko salama? Ulishasema. Uko wapi? Ulishasema, na kona umeitaja. Unahitaji nini? Ulishasema, na usichohitaji pia. Sisi hapa wenye masikio yao wanatupigia, "Niko hapa, njooni haraka!" Hapa wapi? "Hapa kwenye mti!" Tunahangaika robo saa kujua mtu yuko mkoa gani. Wewe ndani ya dakika mbili ulimaliza kila kitu. Mwenzangu mmoja mzee, amekuwepo tangu kampuni inaanza, akavua miwani akasema hajawahi kupokea simu kama hiyo.

Meneja alirudisha rekodi akasikiliza tena peke yake. Jumatatu akatuita. Kuanzia wiki hii tuna namba ya ujumbe, na kuna mtu anayekaa kwayo kila zamu. Imeandikwa kwenye kipeperushi, chini ya yule bwana anayetabasamu. Na anaomba ruhusa yako rekodi ile itumike kuwafundisha wapokea simu wapya. Nafasi ya usimamizi sijui, na wala sijali.

Nimekuonea fahari maisha yangu yote tangu ulipoingia kwetu. Ila ile siku nilikuwa na watu wa kuwaonyesha.

Wifi yako,
Bi Masikio

12 Aprili

Bi Masikio wangu,

Niliposoma "ilikuwa hapana, na nilikuwa napigana" nilikunja barua nikakaa kwenye roli la sponji. Mimi nakutukana kwa kalamu, wewe unamkabili meneja kwa ajili yangu. Nisamehe. Nilikupima kwa kipimo cha watu wengine. Una moyo mkubwa, na hukuwahi kuutangaza, na mimi ninayejifanya kuona kila kitu sikuuona.

Rekodi itumieni, ruhusa ninatoa. Ila waambie wanafunzi nilikuwa na hofu kweli. Wasije wakadhani ni jambo la watu wasioogopa.

Barua hii naiandikia ng'ambo ya mlima, kwenye jukwaa la ukumbi, miguu inaning'inia. Nimeleta safu ya mbele, nyekundu, imenyooka. Mkurugenzi amekalia kiti kimoja baada ya kingine kama mtoto, akafika cha mwisho akakataa kuinuka.

Asubuhi kaka yako alisimama getini. Nilijua atasema amefunga kinyozi. Nilishajiandaa, nimekaza taya. Akaja dirishani, akaangalia viti, akavuta kamba kuona kama imekaza. Ilikuwa imekaza. Akanitazama usoni, akasema polepole nisome vizuri: "Mimi nina wateja leo. Ukifika niandikie."

Halafu akafungua geti.

Nimefika, wifi. Nimemwandikia. Amejibu hapohapo, nadhani simu alikuwa kaishika huku mteja ana povu usoni: "Vizuri. Kula kwanza."

Nakula.

Bi Sponji